Koki ya Mzee Mwafungo

Matope ya ufukwe wa Mwaya yananuka kama chungu cha maharage kilichosahaulika, na aliyeyajua kuliko sisi sote ni Hezekia Mwafungo, mtunzaji wa mashua ya Bwana Pita. Mashua ilikuwa ndogo, ya injini, yenye chumba cha kulala watu wawili. Kila nanga ilipovutwa, mnyororo ulipanda na tope jeusi, na Hezekia alipiga magoti pale mbele, ndoo huku, brashi kule, akasugua mpaka mgongo ukamgomea. Alipokuwa akirudi nyumbani amejaa tope, majirani walimuuliza mkewe, Naomi, kama leo tena atampikia kambare chai.

Mwaka ule tulisikia kwamba Bwana Pita, aliyekuwa mtu wa kilimo wa serikali, anarudi kwao Uingereza, na mashua atamwachia Hezekia. Safari hii uvumi ulikuwa wa kweli. Sharti lilikuwa moja tu: siku ya kuondoka aikute salama. Hezekia alishapanga kila kitu. Angewabeba akina mama wa Ikombe na vyungu vyao mpaka gulio la Mwaya, wasihangaike tena na mitumbwi. Mwenye mali hajaondoka, nusu ya kijiji tumeshagawana nafasi za kukaa.

Lakini kabla ya kuondoka, Bwana Pita alitaka kumaliza jambo lililomkera miaka yote, maji ya kuoshea nanga. Akaagiza pampu ya mkono, mipira na koki ya shaba. Wakaivuta mashua mchangani, na Hezekia mwenyewe akatoboa tundu mbele, chini ya mstari wa maji, akapitisha bomba, akalizungushia pamba yenye lami. Kwa ndani wakaweka koki ya kuyaruhusu au kuyazuia maji. Kutoka kwenye koki mpira mmoja ukaenda kwenye pampu, na mwingine ukatoka kwenye pampu ukapanda juu mpaka ubavuni mwa mnyororo.

Siku ya kujaribu, mashua ikiwa imesukumwa tena majini, tulijaa ufukweni kama kuna harusi. Hezekia akasukuma mpini, maji ya ziwa yakaruka, tope likayeyuka na mnyororo ukatoka umetakata. Mzee yule alicheka mpaka akakaa chini. Kasoro ilikuwa moja. Bano la kubana mpira kwenye koki lilikuwa pana mno, kwa hiyo Bwana Pita akafunga kwa waya, akasema ataleta bano jingine kutoka Tukuyu. Akashuka akiwa ameiacha koki wazi, waone kama panavuja. Hezekia alibaki akifutafuta, na kabla hajashuka akaifunga, kwa sababu ule waya hakuupenda. Kisha akaja kukaa nasi mchangani kupokea sifa zake.

Bwana Pita naye, akiwa na gari njiani kwenda Tukuyu, akaingiwa na wasiwasi uleule. Akapitia nyumbani kwa Hezekia. Naomi alikuwa shambani kwenye mpunga, na Aliko, mtoto wao, alikuwa Kasumulu. Aliyekuwepo ni Neli, mke wa Aliko. Bwana Pita akamwambia amwambie mzee aifunge koki, asubuhi isiikute wazi, akatia gari moto.

Sasa, Neli alikuwa mkwe wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri. Mkwe wa namna hiyo hakutani na baba mkwe, hamtazami, hamsemeshi. Na jina lake halitamki, wala neno lolote linalofanana nalo. Mwafungo! Hebu fikiria mwanamke aishi Kiswahili chake chote bila kusema funga. Kifungo cha shati Neli alikiita jicho. Kanisani, palipoimbwa tufungulie, alinyamaza kimya mpaka wenzake wapite hapo. Na mlango hakuwahi kuufunga, aliurudisha. "Rudisha mlango," ndivyo alivyosema, na nyumba nzima ilimwelewa. Hezekia mwenyewe, akiwa upande wa pili wa ukuta, aliisikia kila siku na alijua maana yake.

Mchungaji alishawaambia kwamba Wakristo wanaweza kuiacha miko hiyo. Hezekia ndiye aliyekuwa hana haraka. Alipenda heshima ile, na sisi tulimsifia kwamba nyumba yake ina adabu.

Basi Neli alitoka barabarani kutafuta wa kumtuma, akamwona Enoki, fundi cherehani, anateremka ufukweni. Akamwambia Bwana Pita ameagiza koki irudishwe. Enoki akaja kwetu kifua mbele. Enoki ni mtu wa kupenda kuonekana amesimama na wakubwa, kwa hiyo habari za Neli aliziruka.

"Mzee, nimetumwa na Bwana Pita," alisema. "Koki irudishwe."

Hezekia alifikiri kidogo. Irudishwe, maana yake iwe kama Bwana alivyoiacha. Labda anataka ikeshe wazi, aone kama itavuja. Hakupendezwa, lakini mashua ilikuwa bado ya mwenzake. Akaingia mtumbwini, akaenda akaifungua.

Asubuhi mashua haikuonekana. Kilichokuwa juu ya maji ni kipande cha paa la chumba. Waya ulikuwa umeachia, mpira ukachomoka, na ziwa likaingia kwa tundu alilolitoboa Hezekia kwa mkono wake. Tuliivuta watu wengi kwa kamba, ikatoka imejaa matope, injini imekufa.

Bwana Pita hakupiga kelele. Alimuuliza kama ujumbe wake ulifika.

"Ulifika," Hezekia alijibu.

"Nilisema ufunge. Wewe umefungua."

Hapo ndipo Hezekia alipomgeukia Enoki, akamuuliza kwa sauti ya chini nani hasa aliyempa maneno yale. Enoki akamtaja Neli. Tulimwona mzee anafumba macho. Lilikuwa neno moja tu la kumweleza Bwana Pita, kwamba kosa lilipita kwenye mdomo wa mwanamke wa nyumbani kwake. Hakulisema. Alisema, "Nilisikia vibaya, Bwana," akainama kuzoa tope.

Mashua ilichukuliwa na mfanyabiashara wa Karonga. Akina mama wa Ikombe waliendelea na mitumbwi yao, na Enoki akawa haonekani kwetu.

Hezekia alimwomba Naomi amwambie Neli kwamba miko imekwisha, kuanzia leo waongee kama baba na binti. Naomi, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa akimsikia Neli analia jikoni, alimjibu akamwambie mwenyewe.

Alikwenda kweli. Naomi ndiye aliyetusimulia. Mzee alisimama nyuma ya jiko, akawa anatafuta maneno ya kuanzia, na alipokosa akakohoa. Neli alikuwa anapepeta mchele. Aliposikia kikohozi cha baba mkwe, alivuta kanga kichwani, akaweka ungo chini na kutoka kwa mlango wa upande wa pili, haraka, kwa adabu zote, kama alivyofundishwa.