Kamba Iliyokatwa Mara Mbili

Meerim aliingia kwa mama mkwe wake wa zamani na mtoto wake Umsunai kiunoni, maana theluji ya mji wa Naryn ilikuwa imeganda njia nzima. Alitarajia kumkuta bibi, babu na Bi Sabira, afisa wa watoto. Alikuta ukoo mzima umeketi kwenye magodoro, kondoo keshachinjwa, na simu tatu zimeinuliwa kupiga picha.

Mahakama ilikuwa imempa bibi Zuurakan haki ya kumwona mjukuu wake, mama wa mtoto akiwepo. Sasa alitaka Umsunai awe analala kwake kila Jumamosi, na hakimu alimwachia Bi Sabira akaangalie na kumshauri.

Haki ya kumwona! Tangu mwanawe amwache Meerim na kutokomea Urusi, mlango wa Meerim ulikuwa wazi, mitaa miwili tu kutoka pale. Bibi hakuwahi kuugonga aulize mtoto kala nini. Majirani walipoanza kumuuliza mjukuu yuko wapi, ndipo akakimbilia kwa wakili. Na mahakamani alilia vizuri: "Nimemlea kwa mikono hii, najua kila hatua yake!"

"Karibu, mkwe," alisema Zuurakan, akammiminia Meerim bakuli la chai mpaka ukingoni. Kila aliyekuwepo alielewa. Mgeni anayependwa hupewa nusu bakuli, ili arudishe bakuli na kukaa tena. Aliyejaziwa anaambiwa anywe, aende zake.

Meerim aliinywa yote. Nilikuzalia mjukuu, wewe unanihesabia chai, alisema moyoni.

Bi Sabira alikuwa amekalishwa mahali pa heshima na kupewa mfupa mnono. Umsunai alipitishwa paja hadi paja, akibusiwa na watu wasiojua hata jina lake.

"Leo," bibi alitangaza, akiitazama simu iliyo karibu, "tunamkatia mjukuu wangu kamba! Yuko tayari kupiga hatua ya kwanza."

Alitoa uzi mweusi na mweupe uliosokotwa pamoja, akamfunga mtoto vifundo vya miguu, kama ilivyo desturi kwa mtoto anayetaka kuanza kutembea. Meerim alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Acha akate.

Umsunai aliitazama miguu yake kwa hasira, akaanguka kifudifudi, akapiga kelele.

"Mnaona? Ndiyo anajifunza!" bibi alichekelea.

Watoto wa shangazi wakashindana mbio toka mlangoni; aliyewatangulia akashika mkasi, akakata. Wageni wakanyoosha mikono kuidaka hiyo hatua ya kwanza.

Umsunai akatoka mbio. Aliruka miguu ya babu yake, akazunguka meza, akanyakua mkate wa kukaanga na kuingia jikoni akicheka peke yake.

Shangazi mmoja akasema, "Mama wee, huyu kazaliwa na magurudumu?"

Bi Sabira aliweka mfupa wake chini. "Mtoto huyu alianza kutembea lini?"

"Tangu theluji ya kwanza," alijibu Meerim. "Kamba tulimkatia uani kwangu, na watoto wa majirani wakashindana mbio. Nilimpigia mama huyu simu aje. Akasema hana nafasi."

"Sikuwa na nafasi kweli!" Zuurakan alipayuka. "Siku hiyo nilikuwa kwa wakili!"

Wageni waliinamia mabakuli yao. Mabega yalikuwa yakitikisika. Babu peke yake hakucheka. Alitazama dirishani kama mtu aliyesahau kitu huko nje.

"Basi mama, endelea kumwona, ila nyumbani kwa mama yake," alisema Bi Sabira. "Habari ya kulala kwako, bado. Na hakimu nitamweleza hivyo hivyo."

Bibi alimfuata Meerim hadi mlangoni. "Ulininyamazia makusudi."

"Ungeniuliza, mama."

Jumamosi iliyofuata mlango wa Meerim uligongwa. Zuurakan alikuwa peke yake, bila simu mkononi, uso umekunjwa kama anayemeza dawa. Aliketi pembeni, hajui aanzie wapi. Umsunai alimletea kiatu kimoja, akarudi kufuata kingine.

"Anataka nini?" bibi aliuliza.

"Umvalishe."

Bibi alihangaika na kile kiatu, akakiingiza mguu usio wake, mtoto akamcheka. Meerim alichukua birika. Mkono wake ulitamani sana kulijaza bakuli la bibi.

Alimimina nusu.