Debe la Tatu

Kiangazi kikishika Keko, makuti yanawaka hata ukiyatazama vibaya. Ndiyo maana mwenye nyumba aliamuru madebe matatu ya maji yakae uani, ukutani, yamefunikwa ubao, asiyaguse mtu mpaka siku ya moto. Kila Jumamosi alichungulia mlangoni, akaona matatu, akaenda zake.

Demetria, mke wa karani mmoja aliyetoka Bukoba, aliuza mafuta ya taa kwa chupa. Jumamosi hiyo foleni ya kisimani ilimshinda, na nguo za kufua zilikuwa rundo. Akachota maji ya debe la tatu mpaka yakaisha, debe lenyewe akalowekea nguo, eti atalijaza jioni. Mara huyo, mwenye nyumba anakohoa mlangoni! Demetria akaburuta debe lake la mafuta, akaziba pengo, akalifunika ubao. Mzee akatazama, akaridhika. Na Demetria, mjinga wa watu, akaona kacheza akili, akaenda kuanika nguo.

Alasiri cheche iliruka jikoni kwa Mwanaheri, jirani yake wa chumba cha pili, ikadaka kuti moja. Moto wa kuzima kwa kata tu, jamani! Mwanaheri akanyakua debe la karibu, akamwaga. Loo! Jiko zima likalipuka. Watu waliiokoa nyumba kwa mchanga na yale madebe mawili, lakini jiko liliteketea, na mkono wa Mwanaheri ukababuka mpaka kiwikoni.

"Nani kaweka mafuta kwenye madebe ya maji?" mwenye nyumba alifoka. "Leo anahama mtu!"

Demetria alifungua mdomo, akawafikiria wanawe na godoro lao barabarani, akaufunga.

"Mie," Mwanaheri akasema. "Nilipitiwa, mzee."

"Basi kesho nisikuone."

Asubuhi Demetria alimkuta anafunga mizigo kwa mkono mmoja.

"Shoga, yale mafuta..."

"Nayajua. Humu ndani nani mwingine anauza mafuta? Jana nilikungoja kwanza useme. Nikakuona na mtoto mgongoni, nikasema basi, mie nina pa kwenda, kwa mama yangu hapo Mbagala, huyu Bukoba atafikaje? Hebu nishikie kamba hiyo."

Demetria hakuishika. Alitoka mbio, kanga inamdondoka, mpaka barazani kwa mwenye nyumba, akapiga magoti kama wanavyoamkia kwao Bukoba.

"Shikamoo, mzee. Mafuta yalikuwa yangu. Nifukuze mie, Mwanaheri abaki."

"Marahaba." Mzee alimtazama, akatikisa kichwa. "Ungesema jana, mwanangu. Chumba chake nimeshampa mtu. Yule pale, anakuja na kitanda chake."