Kumi na Nne Anasubiri

Siku ya mazishi ya mumewe, Twila Wertz alimenya viazi mwenyewe. Jiko kubwa la ukumbi wa zimamoto lina upande mmoja mbovu, na ni yeye peke yake anayejua kulibembeleza hadi liwake. Kwa hiyo alivaa aproni juu ya gauni jeusi akaendelea na kazi. Wanawake wenzake walikata nyama ya nguruwe na kupanga pai za tufaha mezani. Nje, wanaume wa kikosi cha kujitolea cha Shade Hollow walikuwa wanaosha gari la zimamoto, maana ndilo lingebeba jeneza.

Harlan Beiler, mkuu wa kikosi, aliingia na mikono yenye povu.

"Shemeji, kaa chini basi. Leo siyo siku yako ya kupika."

"Nikikaa nani ataliwasha hili? Wewe?"

Harlan akalitazama jiko, akatoka.

Walizika, wakarudi ukumbini kwa ajili ya mwito wa mwisho. Mzimamoto akifa, kituo cha simu za dharura kinaita namba yake redioni, watu wote wamesimama. Kinaita, kimya. Kinaita tena, kimya. Halafu mama wa kituoni anasema huyu amemaliza zamu yake, watu wanalia, kisha wanakula. Namba ya Galen ilikuwa kumi na nne.

"Kumi na nne wa Shade Hollow," Noreen akaita kutoka kituoni. "Kumi na nne, unanipata?"

Redio ikakoroma.

"Nakupata," Galen akajibu. "Naelekea kwa Vernon."

Noreen kazi yake ni kujibu, kwa hiyo akajibu. "Nimekusikia, kumi na nne. Endesha taratibu, barabara ina matope."

Harlan akavua kofia, akaivaa tena. Mtu wa nyuma akauliza kama viazi viko tayari. Twila akasema viko tayari.

Vernon Kratzer anakaa ng'ambo ya kijito, mzee mwenye kisukari, ndiye aliyemfundisha Galen kuvua samaki. Siku aliyokufa Galen, Vernon sukari ilimshuka akawa haelewi yuko wapi, na mkewe Arlene akapiga simu ya dharura, ambayo kule wazimamoto huiitikia hata kwa wagonjwa. Alisema wazi kwamba kuna bunduki nyuma ya mlango. Kwa wazimamoto wa kule, sheria ya jambo hilo inajulikana hata na watoto. Penye bunduki huingii. Unasimama kando, unazima king'ora, unasubiri mpaka polisi waseme pako salama. Galen alikuwa anawafundisha hivyo vijana wapya kila mwaka. Siku ile aliteremka kwenye gari la wagonjwa akasema, "Jamani, ni Vernon tu," akafungua mlango.

Vernon aliona mwizi, akafyatua. Walipomnywesha maji ya sukari akili ikarudi, akauliza nani kaacha mlango wazi, baridi inaingia.

Bunduki yenyewe Vernon alikuwa ameishinda palepale ukumbini, kwenye bahati nasibu ya kuchangia kikosi, na aliyemkabidhi huku akimpa mkono wa hongera alikuwa Galen. Polisi walikaa nayo kidogo. Hapakuwa na kesi, na mali ya mtu ni mali ya mtu, wakamrudishia. Arlene akairudisha nyuma ya mlango kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Twila alikwenda kumwona Galen wiki ileile ya mazishi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la baraza la Vernon, na koti lake la njano lenye mistari inayong'aa, kofia ngumu magotini. Alikuwa ananukia moshi kama siku zote. Arlene alikuwa amemletea kahawa.

"Hasumbui hata kidogo, dada," Arlene alisema. "Ila mbwa wangu sasa hataki kulala ndani. Analala juu ya mabuti yake."

Twila akakaa kando ya mumewe.

"Galen, twende nyumbani."

"Bado hapajawa salama," Galen akasema, kwa ile sauti yake ya redioni. "Nasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waseme."

Ndani, nyuma ya pazia, Vernon alikuwa anaangalia mpira huku analia. Twila alimsikia, hakuingia.

Kutoka pale aliendesha mpaka kituoni kwa Noreen.

"Mwambie pako salama," alimwomba. "Maneno mawili tu, Noreen. Atakusikia."

Noreen akavua visikizi vyake, jambo ambalo huwa halifanyi akiwa kazini.

"Twila, mpenzi wangu. Mimi nikisema pako salama, watu wanaingia. Ile bunduki iko wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Sasa unataka nimdanganye redioni? Galen?"

Twila akarudi nyumbani. Theluji ilipoanza, watu wengine nao wakaanza kumwona. Familia ya Yoder waliamka wakamkuta kwenye ngazi zao, amekaa, kofia magotini. Akaonekana kwa Harlan. Akaonekana kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na kwa yule mama anayefuga kondoo. Alikuwa huku na huku kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeona haja ya kubishana kuhusu hilo. Mleta barua akawa anamkabidhi yeye barua za wenye nyumba. Wenye kuondoa theluji kwenye baraza waliizungukia miguu yake.

Kwa Twila hakuja. Baada ya mazishi alikuwa amemwita kaka yake kutoka mji wa Altoona achukue bunduki zote za Galen za kuwindia kulungu, kwa sababu hakuweza kuzitazama. Nyumba yake ilikuwa salama. Galen hakuwa na kazi pale.

Alipolielewa hilo, Twila alikaa kwenye kiti cha jikoni mpaka kahawa ikapoa.

Februari kikosi kilikutana kupanga bahati nasibu. Pampu ilikuwa imezeeka, na kila mtu alijua pampu mpya hainunuliwi kwa pai. Harlan akasimama akasema kwamba mwaka huu, kwa heshima, bahati nasibu ya bunduki itabeba jina la Galen Wertz. Watu wakapiga makofi, wengine macho yamelowa. Twila akasimama.

"Mwaka huu tuchezeshe mapaja ya nguruwe badala ya bunduki," alisema.

Walicheka, lakini siyo kwa ubaya.

"Mama Twila, nani atatoka kaunti nyingine kuja kushinda nguruwe?" kijana mmoja akauliza. Huyo ni Dale Yoder, anayeshika bomba la mbele.

"Shemeji," Harlan akasema polepole, "bunduki haikumuua Galen. Sukari ndiyo iliyomuua."

"Na ni haki yetu," mwingine akadakia. "Leo ukiziondoa ukumbini, kesho watakuja kuzitoa chini ya kitanda changu. Galen mwenyewe alizipenda!"

"Alizipenda," Twila akakubali. "Sasa muulizeni tena. Dale, si yuko kwenu?"

Dale akatazama viatu vyake. "Yupo."

"Anasemaje?"

"Anasema anasubiri."

"Basi mkiziondoa hata hizi za ukumbini tu, mtakuwa mmempunguzia kazi. Mume wangu amechoka. Nataka alale."

Hakuna aliyemwona mjinga, na hakuna aliyebisha kwamba Galen amechoka. Kisha wakapiga kura. Upande wa nguruwe alinyoosha mkono Twila, na kule nyuma kabisa, Vernon Kratzer. Wengine wote walinyoosha upande wa bunduki, na Harlan akafunga kikao kwa sala.

Bahati nasibu ilifanyika majira ya kuchipua, kabla msimu wa kuvua haujafunguliwa. Magari yalijaa mpaka makaburini. Watu walikula mikate ya nyama, walikunywa bia, na kila baada ya muda mfupi Harlan alichota tiketi kwenye pipa akasoma jina. Kila aliposoma, redio ya ukutani ilikoroma.

"Kumi na nne. Naelekea kwa Dale Yoder. Nitasubiri kando."

"Nimekusikia, kumi na nne," Noreen alijibu.

Halafu makofi. Dale akaenda mbele, akapewa mkono wa hongera.

"We Dale, huyo wako wa pili," rafiki yake akamtania. "Nunua benchi refu."

"Nimeshanunua," Dale akasema.

Twila alikuwa jikoni, analibembeleza jiko. Mfukoni mwa aproni alikuwa na tiketi. Aliinunua kwa Harlan asubuhi, na Harlan aliikata bila kumtazama usoni.

Jioni jua linazama, Harlan alichota tiketi, akaisoma kimoyomoyo, akaisoma tena.

"Twila Wertz," akasema.

Watu wakageuka kutazama dirisha la jikoni. Redio ilikaa kimya, kimya kirefu kuliko vyote vya siku ile, mpaka bia zikawa zinasikika zikitoa mapovu kwenye vikombe.

"Kumi na nne," Galen akasema mwishowe. "Naelekea nyumbani."

Twila akafuta mikono, akazima jiko. Muuza bunduki akapiga simu yake ya kukagua kama mshindi anaruhusiwa kumiliki silaha, akaambiwa mama huyu hana tatizo lolote. Vernon ndiye aliyembebea boksi la bunduki mpaka kwenye gari. Akafunga mlango wa gari taratibu sana.

Siku zote za baridi Twila alikuwa anapita barabara kuu ili asimwone Galen. Jioni ile alipita ya bondeni. Giza lilikuwa linaingia. Taa za gari zilipogusa baraza la kwanza, mistari ya koti la Galen ikawaka, myeupe, kama mtu kawasha mshumaa kifuani mwake. Baraza lililofuata, ikawaka. Kona, ikawaka. Ng'ambo ya kijito, kwa Vernon, ikawaka. Juu mlimani kwenye nyumba ambazo hata hakujua nani anakaa, ikawaka, midogo kama nyota, bonde zima, mumewe kila mlango, amekaa wima, kofia magotini, anawalinda watu wanaokula chakula cha jioni. Twila alipunguza mwendo. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile, na alilia bila kusimamisha gari.

Baraza lake mwenyewe lilikuwa la mwisho. Likawaka.

Alilibeba boksi, akampita Galen, akaenda kuisimamisha bunduki nyuma ya mlango. Kisha akatoka na kahawa.

"Hapajawa salama," Galen akasema.

"Najua, baba," Twila akasema, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye koti lenye moshi. "Subiri tu."

Kule ukumbini, Harlan alikuwa juu ya ngazi na herufi zake za plastiki, anaandika kwenye bango la barabarani kwamba tiketi za mwaka ujao zimeanza kuuzwa.