Chafya ya Babu Iliyogoma Kutoka

Kinanda cha marehemu Babu hakikuwa kimezimwa tangu mwenyewe alipokigusa mara ya mwisho, na Bibi alikilinda kama kuku anayelalia mayai. Kilikuwa kinanda cha zamani, cha kunasa sauti: ukipiga kelele kinaidaka, kisha kila kibonye kinaitoa, huku nyembamba, kule nene. Ndani yake alikuwemo Babu, akipiga chafya. Sauti yake nyingine haikubaki popote. Na kinanda chenyewe hakikumbuki kitu. Ukikizima tu, kwisha habari.

Balaa ni kwamba siku ya msiba mgeni mmoja alikimwagia chai. Tundu la disketi la kuhifadhia likafa, la kutolea sauti nalo likafa, kinanda kikawa bubu. Lililobaki hai ni tundu moja la nyuma, la kuzungumza na kompyuta. Ndipo Bibi akamwita mkwewe, mume wa binti yake, fundi wa kompyuta.

Leo fundi umeme alikuwa koridoni, ngazi imeshaegemezwa, anataka kukata umeme wa jengo zima abadilishe nyaya.

"Bibi, nikate?"

"Kata kucha zako kwanza!"

Mkwe aliunga waya, pini ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu, kwa unadhifu wa mtu anayetazamwa na mama mkwe. Akabonyeza. Kimya. Kompyuta ikangoja, kinanda kikangoja. Akapuliza tundu, akazima kompyuta, akaiwasha. Kimya kilekile. Jasho likamtoka hadi puani.

Bibi alitaka kumwambia apumzike, anywe maji. Mkwe naye alitaka kuomba radhi. Wakafungua midomo pamoja.

"Mama, nisa..."

"Baba, hebu..."

Wakanyamaza pamoja.

"Sema, Mama."

"Aa, sema wewe, baba."

Kila mmoja akatega sikio. Hakuna aliyesema.

"Mtategeana masikio mpaka lini?" fundi umeme akadakia mlangoni.

Mkwe akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Lo! Ndivyo wanavyofanya hawa nao, kompyuta na kinanda! Pini moja ni mdomo, nyingine sikio. Nimeunga mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio!"

"Kumbe muda wote wanapigana busu," alisema Bibi. Mkwe akainamisha uso kwenye waya.

Akaukata, akapishanisha nyuzi mbili, akalehemu. Mara kioo cha kompyuta kikajaa herufi, ovyoovyo, kama zimepekuliwa na kuku.

"Wanaongea sasa," alisema, "ila kompyuta ina haraka, na kinanda ni mzee, hakikimbizwi hivyo." Akaipunguza kasi, ilingane na ya kinanda. Mstari wa kijani wa kunakili ukaanza kutambaa kwenye kioo.

"Nikate?"

"Thubutu!"

Ulipofika mwisho, mkwe akabonyeza kwenye kompyuta.

"Ha... ha... HAPCHYAA! Nipisheni, jamani!"

"Afya, mzee!" fundi umeme akaitikia, kisha akageuka huku na huku kumtafuta mzee.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamtoka humohumo. "Irudie." Ikarudiwa. "Umeiweka mahali pa kutosha?"

"Kwenye kompyuta, kwenye simu, na binti yako nimeshamtumia."

Bibi akakifuta kinanda vumbi ambalo halikuwepo. "Ahsante kwa kumshikilia," akakinong'oneza, na kwa kidole chake mwenyewe akakizima.

"Haya, wewe wa ngazi," akaita. "Unangoja nini? Kata!"