Panya Aliyeendelea Kuogelea

...na kwa nini siku tatu zisitoshe, Fridah anajiuliza, kidonge kiganjani, kikombe cha maji mkono wa pili, malaria huisha kwa siku tatu, kila mtu hapa Kitale anajua, na leo ni siku ya kumi ya vidonge na kilio cha mwanawe bado kinamfikia kama kinatoka kwa jirani, “Mama Wekoye, unasikia?” mama mkwe anakunja nguo za mtoto, “Jumamosi naenda naye nyumbani Chwele, akae huko mpaka upate nguvu, si hizo dawa zimekataa?” ati zimekataa... lakini daktari Kagwe, aliyempa vidonge vya huzuni ya baada ya kujifungua, hakusema siku tatu, alisema wiki tatu, hata nne, akachora chembe mbili za ubongo na nukta katikati, nukta ndizo serotonini, zinapeleka habari kutoka chembe hii hadi ile, kisha ile ya kwanza inazivuta zirudi, dawa inazuia kule kuvuta, na Fridah, ambaye hata darasani hakuwahi kuinua mkono, akauliza, mmejuaje, mlimpasua nani? Kagwe akacheka, “Panya, mama, panya wa maabara,” nukta huongezeka siku ileile, ila ubongo wa panya una breki zake, ukiona zimezidi unapunguza kuzitoa, mpaka wiki zipite breki zilegee... panya akitiwa kwenye chombo cha maji, asione pa kutokea, hufika mahali akaacha, akaelea tu, macho wazi, na hapo Fridah alitazama sakafu maana alijiona, wiki sita tangu ajifungue anaelea, “aliyepewa dawa anazidi kuogelea,” Kagwe alisema, “mtu si panya, hatujui yote, lakini usiache,” ... “Si nakuongelesha wewe! Leta kofia ya mtoto,” mama mkwe ameshamfunga Wekoye mgongoni aende naye dukani, na kofia iko hapa, mapajani, nani ameileta, ni yeye, asubuhi mtoto alipolia aliinuka kabla hajaitwa, jana hakuinuka, juzi hakuinuka... breki, hebu zilegee, Mama si mbaya, amehesabu tu siku za malaria, na Jumamosi itafika imkute Wekoye hapahapa, atamwambia leo, kwa heshima, bila kutazama chini, Mama, bado siku kumi na moja wiki tatu zitimie, mtoto haendi, maji bado yamo kikombeni, kidonge kinalowa jasho kiganjani, “Kofia, mama Wekoye!” na kule maabara panya anapiga maji kwa miguu yote minne.