Sura ya Mwisho Ilisomwa Saluni

Mshona mapazia alikwenda saluni kuchukua vitu vya marehemu dada yake, na njia nzima alikuwa anajiambia hatakaa. Msusi ndiye aliyempigia simu: "Kuna mtandio wake hapa na miwani, dada. Roho yangu inakataa kuvitupa."

Ilikuwa asubuhi, wateja hawajaanza kuja. Chumba kilinuka mafuta na nywele zilizoungua. Vitana vilikuwa vimelowekwa kwenye kopo la maji ya sabuni, na feni ilizunguka kwa kunung'unika. Msusi, mwanamke mnene mwenye kitana kilichochomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, alimpa pole mara mbili, akamfutia kiti kwa taulo.

Mshona mapazia hakukaa. Macho yake yalikuwa yamenasa kwenye rafu. Kati ya makopo ya dawa ya nywele kulikuwa na kitabu, na jalada lake alilijua kama anavyolijua kovu la goti lake: nyumba kando ya ziwa, wanawake wawili barazani, vikombe viwili vya chai.

Riwaya ile ilichapwa zamani, mama yao akiwa bado msichana. Nakala ya nyumbani kwao ilikuwa imechanika, sura ya mwisho yote haipo. Katika hadithi yake, ndugu wawili wa kike wanapanga nyumba ya likizo. Mkubwa ana mchumba anayemsubiri mjini. Mdogo anaanza kuugua kila jioni akishakunywa chai, na inakuwa wazi kuwa kuna mtu anatia kitu kikombeni. Nani? Hapo ndipo karatasi zilipoishia.

Yeye na dada yake walikisoma kwa sauti wakiwa wasichana, kila mmoja na maneno yake, mkubwa akisoma ya mkubwa na yeye, mdogo, ya mdogo. Walipofika penye mchaniko, wakaanza kubishana. Yeye alishikilia kuwa ni dada mtu, anataka kusafisha njia ya kwenda kuolewa. Dada yake alicheka: "Wee! Mdogo anajitilia mwenyewe. Anaona bora augue kuliko kuachwa." Nakala ile ilipotea katika kuhamahama, ubishi ukabaki. Waliolewa nao, wakalea watoto nao.

"Hiki kimetoka wapi?" aliuliza.

"Ah, hicho! Alikiokota kwa wauza vitabu vya mitumba. Alikuja nacho hapa anarukaruka kama mtoto. Kizima, dada, hadi ukurasa wa mwisho."

"Lini?"

"Mwanzoni mwa mvua zilizopita. Kila Jumamosi mimi nasuka, yeye anasoma. Watu wamekwisha kusukwa zamani, hawataki kuondoka!"

"Mkakimaliza?"

"Tulikimaliza, ndiyo."

Angeambiwa dada yake alikuwa na mume wa siri asingeumia hivyo. Mvua zile zote dada yake alikuwa anakuja kwake Jumapili, anakaa karibu na cherehani, anakunywa chai na kuanzisha ubishi ule ule. Kumbe alikuwa anabishana huku jibu analo! Jibu alilipata na mwanamke huyu, mbele ya watu wenye povu kichwani.

"Basi wewe ndiye Sindano," msusi alisema, akitabasamu. "Nilijua ulipobisha hodi tu."

Jina hilo halikuwa la watu wote. Dada yake ndiye aliyempa, kwa sababu ya maneno yake ya kuchoma, na hata mume wake hakuwahi kulitumia.

"Nani kakwambia hilo jina?"

"Si yeye! Akifika kwenye maneno ya yule mdogo anasema, sasa anaongea Sindano. Anabana pua hivi: 'Chai hii ina uchungu, dada, au ni mdomo wangu?' Tulikuwa tunacheka hadi nyuzi zinanidondoka."

"Mimi sibani pua."

"Hubani, dada," msusi alikubali haraka. "Hubani kabisa."

Alikuwa ameibana. Alijisikia mwenyewe. Akakaa kwenye kiti.

"Kwa nini hakuniambia?"

Msusi alichukua kitana kimoja, akaanza kukitoa nywele zilizonasa. "Nilimwuliza. Akasema, 'Mdogo wangu akishindwa ubishi hununa mwezi mzima. Na mimi sina muda wa kununiwa.'"

Feni ilinung'unika. Wakati wa mvua zile, hakuna aliyekuwa ametamka neno ugonjwa nyumbani.

"Ulijua anaumwa?"

"Kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu kila wiki. Nywele zilianza kuja na kitana. Akaniomba ninyamaze, nikanyamaza."

Hata hilo, basi, huyu alilipata kwanza. Mshona mapazia alitafuta tusi la kumpa, asilione. "Nisomee," alisema. "Soma alivyosoma yeye."

Msusi alifuta mikono, akafungua sura ya mwisho. Na hapo, kutoka kwenye mdomo wa mgeni, dada yake akatoka: ule mtindo wa kushusha sauti kabla ya neno baya, kile kicheko kidogo cha kuvuta pumzi ndani. Dada wa kitabuni anaingia jikoni kimya, anamkuta mdogo wake ameshika kichupa juu ya kikombe chake mwenyewe. "Nisingeugua, ungekaa nami mpaka lini?" anauliza mdogo, puani.

Alitaka msusi anyamaze. Aliogopa pia akinyamaza.

"Chukua, ni chako," msusi alisema alipomaliza. Hilo nalo lilimchoma, kwa sababu mtu hugawa kilicho chake. Alikivuta kitabu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akauchukua mtandio na miwani, akaondoka bila kuaga vizuri.

Nyumbani alinuna, kama ilivyotabiriwa, na hakuwa na wa kumnunia. Alishona pazia moja upande usio wake, akalifumua. Halafu akafunga mlango, akafungua sura ile na kuisoma kwa sauti. Maneno ya mdogo yalikuja yenyewe. Ya dada hayakuja. Alishusha sauti, akavuta pumzi ndani, akarudia tangu mwanzo. Kilichotoka ni yeye mwenyewe, na pua yake. Kitabu alikuwa amekinyakua, lakini sauti ilibaki saluni kwa yule mnene.

Ijumaa alifumua nywele zake, ambazo zilikuwa bado nzuri kabisa. Jumamosi alikwenda saluni kusukwa, na kitabu mkobani. Alimkuta mteja mwingine kwenye kile kiti, msusi akimwinamia na kumsimulia jambo, na akamwonea wivu hata huyo.