Tepu ya Mama Kokwa

Krrr, krrr, kisha kimya, kisha krrr tena. Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali asikilize vizuri. Ng'ambo ya ukuta jirani yake alikuwa akisaga kokwa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na mashine ile ikinyamaza kabisa, mwenyewe angekuja kubisha hodi.

Mtaa mzima ulimwita Mama Kokwa. Alizoa kokwa za parachichi kwa wauza juisi, akazikatakata, akazianika juu ya bati, akazisaga na kuujaza unga wake kwenye vidonge vya kupunguza unene. Kila wiki aliwapima wateja wake viuno kwa mkono wake mwenyewe, na kila wiki walikuwa wamepungua.

Fundi walimwita Bonge. Tangu mkewe afariki, hakuwa tena mtu wa watu. Wateja walimpitishia nguo dirishani, naye akawarudishia kwa dirisha hilohilo. Wiki nzima hakuguswa na mtu, ila na mikono miwili ya jirani iliyomzunguka kiuno kila Jumamosi. Ndiyo maana alivimeza vile vidonge, vichungu kama shubiri, bila kunung'unika.

Leo mlango ulipobishwa, Mama Kokwa alikuwa mikono mitupu.

"Tepu nimeiacha ukutani, fundi. Njoo kwangu. Au mlango wangu ni mwembamba?"

"Nitaingia ubavu," alisema fundi.

Ndani mlinukia maganda makavu. Kwenye msumari ilining'inia tepu ya kitambaa, na ncha yake ya chini ilifungwa mfuko uliojaa kokwa. Fundi aliutazama ule mfuko.

"Mbona umeitundika hivyo?"

"Ikilala inajikunja kama mkia wa kinyonga. Huo mzigo unainyoosha."

Aliufungua mfuko, akamzungushia tepu kiunoni. Fundi alisimama wima, akisikia vidole vya jirani vikitafuta namba.

"Umepungua tena. Ukiendelea hivi tutakutafuta kwa tochi."

Fundi akatabasamu, lakini suruali yake ilikuwa ikimbana palepale ilipombana tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyeishona, asingedanganywa nayo. Wiki kadhaa sasa alikuwa ameshuku, akanyamaza, maana ukweli wenyewe ungemsaidia nini?

"Na dada yangu mkubwa amepungua vilevile," Mama Kokwa alisema, akikunja tepu. "Juzi kaacha dawa za presha. Anasema kokwa zinamtosha."

Lile tabasamu likamkauka mdomoni. Akisema, Jumamosi zake zimekwisha. Asiposema, kuna mtu ataanguka jikoni kwake, na yeye alijua. Mkono ulipanda wenyewe shingoni, mahali ilipokaa tepu yake ya kazi. Akailaza mezani, akaichukua ya jirani akailaza ubavuni mwake. Mwanzoni namba zilikwenda sambamba. Kisha zikaanza kuachana kama watu waliogombana njiani, na ya Mama Kokwa ikabaki nyuma.

"Kitambaa kimevutika, jirani. Kila wiki mzigo unakivuta kidogo. Hatujapungua. Tepu imerefuka."

Mama Kokwa alipitisha kidole juu ya namba, akarudia.

"Wewe ulijua?"

"Suruali ilijua. Mimi nilijifanya kiziwi."

"Kwa nini?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Ungejua sipungui, ungekuja kwangu kufanya nini?"

Mama Kokwa alichukua simu, akampigia dada yake, akaweka sauti ya juu.

"Dada, rudia dawa zako za presha."

"Si wewe uliyesema nimekuwa kama msichana?"

"Tepu yangu ni mbovu, dada. Nisamehe. Zimeze sasa hivi, nikusikie, na baadaye upite kwa daktari."

Kulisikika droo ikivutwa, glasi ikigonga meza, kikohozi. "Haya, nimemeza. Mchawi wee." Simu ikakatwa.

Mama Kokwa aliketi juu ya gunia la kokwa. Kila alipojitikisa, kokwa ziligongana chini yake.

"Na hao wengine? Wataniita tapeli. Mimi sina mume wala kaka wa kusimama nami. Nitaanzaje kubisha hodi peke yangu?"

Fundi aliuwaza mtaa: vibaraza, vicheko, jina lile la Bonge likimfuata nyuma kama kopo lililofungwa mkiani mwa paka. Hakuwa ameupita mchana tangu msiba wa mkewe. Aliirudisha tepu yake shingoni.

"Tutapita nyumba kwa nyumba," alisema, na sauti ilimtoka nzito kuliko alivyotaka. "Wewe utabeba ukweli wako, mimi nitabeba tepu. Wakitaka kucheka, waanze na kiuno changu, nitawapimia mbele yao. Kesho asubuhi nitakugongea mlango, jirani, na sitaishia njiani. Nakuahidi."